Kabichi Zile Alikula Nani?

Nikiwa darasa la nne nilipewa tuta la kabichi. Shule yetu ilikuwa wilaya ya Muheza, mkoani Tanga, na mwaka ulikuwa 1985, kwa hiyo hakuna aliyeuliza kama mtoto wa miaka kumi anazitaka kabichi au hazitaki. Kila asubuhi tulitoka nyumbani na kidumu cha maji kichwani. Nusu ilimwagikia shingoni, nusu ikafika kwenye tuta. Jina langu liliandikwa kwa mkaa kwenye kibao kilichochomekwa ardhini, na mvua ikinyesha nililiandika upya. Nilizijua kabichi zangu moja moja. Ile ya tatu kutoka mwisho ilitangulia kufunga kuliko zote, ngumu kama ngumi, na mimi nilikuwa naipitia hata wakati wa mapumziko, naigonga kwa kidole kama mtu anayebisha hodi.

Jumatatu moja tulikuta matuta matupu. Vimebaki vishina vyeupe na majani ya nje yaliyokanyagwa. Kiranja wa shamba akasema zimepelekwa sokoni ili shule inunue chaki. Mwenzangu mmoja, ambaye kwao ni jirani na nyumba za walimu, alikuwa na habari nyingine kabisa, ila alizisema kwa sauti ya chini. Mwalimu wa EK, yaani Elimu ya Kujitegemea, hakusema hili wala lile. Alituambia tulete majembe kesho, tunaandaa msimu unaofuata.

Sijapata kujua ukweli, na nimeshapita umri wa kudai. Ila kimebaki kitu kama mwiba uliokatikia ndani: nikiona picha ya mtoto ameshika jembe, wenzangu wataona bidii au wataona utoto, mimi nauliza mboga zile alikula nani.

Ndiyo maana picha za Bethnal Green zilinikamata. Ninaishi mashariki ya London, na Bethnal Green ni safari ya basi moja kutoka kwangu. Picha zilipigwa mwaka 1942 kwa ajili ya Wizara ya Habari ya Uingereza, na leo zinahifadhiwa na Imperial War Museum, jumba la makumbusho ya vita. Wavulana wa rika la darasa la nne au la tano, soksi zimeshuka, wanachimba na kumwagilia mahali ambapo panaonekana wazi palikuwa na nyumba. Matofali yamepangwa pembeni kuwa mpaka wa vitalu. Nyuma yao yamesimama majengo ya ghorofa yenye madirisha mengi, yale yaliyobahatika. Wakazi wa eneo hilo walikuwa wameunda umoja wa wakulima wa viwanja vilivyopigwa mabomu, na watoto nao wakapata vipande vyao.

Nikumbushe kidogo mabomu hayo. Ndege za Wajerumani zilianza kuipiga London mfululizo tarehe 7 Septemba 1940, na kwa usiku 57 zilikuja bila kukosa. Mashambulizi makubwa yaliendelea mpaka Mei 1941, na Uingereza nzima ilipoteza zaidi ya raia 40,000. Upande wa mashariki, kwenye bandari, viwanda na nyumba za watu wa kipato cha chini, ndiko moto ulikowaka kwanza. Watoto wengi walikuwa wameshahamishwa Septemba 1939, wakapandishwa treni kwenda vijijini na vibandiko vya majina kifuani kama mizigo. Lakini mabomu yalipochelewa kuja, wazazi wakaanza kuwarudisha, wengi kabla ya Krismasi ya mwaka huohuo. Wakarudi kwenye mji ambao shule zake nyingi zilikuwa zimefungwa au zimegeuzwa vituo vya zimamoto na vya huduma nyingine za vita. Mtoto asiye na shule na mwenye mtaa mzima wa magofu ya kuchezea, mzazi yeyote anajua atakuwa wapi saa nne asubuhi.

Kwa upande mwingine kulikuwa na tumbo. Uingereza ya kabla ya vita iliagiza sehemu kubwa ya chakula chake kutoka nje kwa meli, na sasa nyambizi za Wajerumani zilikuwa zinazizamisha meli hizo. Kadi za mgao zilianza Januari 1940 kwa nyama ya nguruwe, siagi na sukari, na orodha ikarefuka. Mboga hazikuwekwa kwenye mgao, lakini kutokuwa kwenye mgao si sawa na kuwapo dukani. Vitunguu vilivyokuwa vikija kutoka Ufaransa na visiwa vya Channel viliadimika mpaka watu wakavishindania kwenye bahati nasibu maofisini. Fikiria kitunguu kimoja, kimewekwa mezani, watu wazima wananunua tiketi. Ndizi ndiyo usiseme. Kuna watoto walioziona kwa mara ya kwanza vita vilipokwisha, wasijue kuwa zinamenywa.

Karoti, ambazo zilikuwapo tele, serikali ilizichorea katuni na kuipa jina Daktari Karoti, na ikaachia maneno yaenee kwamba marubani wa usiku wanaona gizani kwa sababu ya kula karoti. Kilichowasaidia kuona ni rada. Uongo huo umesafiri mpaka Muheza: mama yangu alinilisha karoti kwa hoja hiyohiyo.

Kampeni ya kulima ilitangazwa Oktoba 1939, na kaulimbiu yake kwa Kiswahili chetu ingekuwa Lima Tushinde. Wakalima kwelikweli. Handaki linalozunguka ngome ya Tower of London lilipandwa mboga. Hyde Park kukawa na vitalu. Vipande vya bustani ambavyo manispaa huwakodisha wakazi vilifika kama milioni 1.4. Kwa hiyo watoto wa Bethnal Green hawakuwa kioja, walikuwa kona moja ya nchi nzima iliyoinama.

Lakini mimi ni mtu wa udongo, naomba nikae kidogo kwenye udongo wao. Kiwanja cha nyumba iliyoanguka si shamba. Juu kuna matofali, chini ya matofali kuna plasta, misumari, vigae, vioo vya madirisha vilivyovunjika vipande vidogo kama chumvi. Kazi ya kwanza haikuwa kulima, ilikuwa kuokota. Nina kipande changu mwenyewe, sio mbali na huko, nilichokisubiri miaka sita kwenye orodha ya manispaa, na mpaka leo kila nikizamisha uma wa kulimia inatoka chupa ya kahawia au kipande cha sahani ya maua ya bluu. Glavu tatu zimeshatoboka. Hao wavulana wa kwenye picha hawana glavu. Kitu kimoja tu kiliwasaidia, nadhani bila wao kujua: chokaa ya kuta za zamani. Kabichi haipendi udongo mchachu, inapata ugonjwa wa mizizi kuvimba, na chokaa hupunguza uchachu huo. Nyumba ya mtu ikawa dawa ya kabichi.

Mwaka 1943 Malkia, mkewe Mfalme George wa Sita, alikuja kuzitazama bustani hizo. Mwaka huohuo, tarehe 3 Machi, watu 173 walikuwa wamekufa kwa kukanyagana na kukosa hewa kwenye ngazi za kituo cha treni ya chini ya ardhi cha Bethnal Green, wakikimbilia kujificha, bila hata bomu moja kuanguka pale. Watoto walikuwa 62. Ninapita kwenye mnara wao wa kumbukumbu nikienda kununua mbegu. Sijui niwaweke wapi katika makala hii, ila siwezi kuandika kuhusu watoto wa mtaa ule mwaka ule nikawaruka.

Basi, alikula nani? Jibu nililipata mahali ambapo sikutarajia, kwenye mkataba wangu wa kukodi. Nilikuwa nautafuta ukurasa wa kuruhusu kuku, nikaangukia sheria yenyewe, ya mwaka 1922. Inaeleza bustani ya aina hii ni ipi: ni ile ambayo aliyeikodi anailima, yote au sehemu kubwa, kupata mboga au matunda ya kuliwa na yeye mwenyewe au familia yake. Nikasoma tena nimesimama. Yaani Bunge liliketi likaandika mlaji ndani ya maana ya neno. Ukimwondoa anayekula, hiyo si bustani tena kisheria, ni kitu kingine, kitafutiwe jina. Nilitamani kumfaksia mwalimu wa EK.

Nisiipambe sana Uingereza lakini. Nchi hiyohiyo, mwaka 1942, iliruhusu watoto kuanzia miaka 12 kutolewa darasani nusu siku 20 kwa mwaka kwenda kusaidia kwenye mashamba ya wakulima, hasa kuchimba viazi. Baadhi ya walimu walilalamika kuwa hilo ni jina jipya la utumishi wa watoto, na nawaelewa. Viazi vile havikuwa vya mwokotaji. Alilipwa kidogo, akarudi na mgongo unaouma na madaftari yenye mapengo.

Wamarekani walikuwa wamelifanya jambo hili mapema zaidi, kwenye vita vya kwanza, na kwa mbwembwe zao. Idara ya elimu ya serikali kuu ilianzisha jeshi la bustani za shule. Watoto zaidi ya milioni moja waliandikishwa, wakapewa beji, wakapangwa kwa vikosi vyenye kapteni na luteni, wakaitwa wanajeshi wa udongo. Hesabu ya wakubwa ilikuwa rahisi: familia ikila maharage ya uani, ngano na nyama zinapanda meli kwenda Ulaya. Mboga inabaki, ngano inasafiri. Mtoto alikula alichokilima, na kwa kula kwake akampisha askari. Kama ujanja wa serikali, huo nausifu.

Sasa nihamie kwa bibi yangu mzaa mama, kwa sababu vita hivyo vya pili aliviita vita vya Hitla na aliviishi akiwa mtoto, pale Muheza. Japani ilipoziteka Ufilipino na visiwa vya Waholanzi kule Asia mwaka 1942, nyuzi za kutengenezea kamba za meli zikakosekana, na ghafla mkonge wa Tanga ukawa silaha. Serikali ya kikoloni ikaanza kuwachukua wanaume kwa lazima kwenda mashamba ya mkonge. Baba wa bibi akachukuliwa. Mjomba wake alikwenda Bama, yaani Burma, na KAR, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, na mchele wa Bama, ambao ndio uliokuwa unaletwa madukani, haukuja tena, kwa hiyo bibi alikuwa akisema, mjomba alikwenda kuufuata mchele wetu na wote wawili wakapotea.

Waliobaki kulima ni wanawake na watoto. Jumbe alipita na fimbo kuhesabu mashina ya muhogo, kwa kuwa muhogo ulikuwa zao la amri, akiba ya njaa, na familia isiyotimiza ilitozwa. Bibi alikuwa na miaka kama kumi na sehemu yake ilikuwa nyuma ya kisima. Niliwahi kumuuliza, nikiwa nimeshakuwa mtu mzima na mwiba wangu ule ule:

"Bibi, muhogo ule mlikula nani?"

Akanitazama kama nimeuliza jua linatoka wapi. "Tulikula sisi. Asubuhi bada, mchana bada, jioni bada na mchunga. Kisamvu tukakila mpaka mti ukabaki fimbo. Wewe ulidhani jumbe angekula muhogo?"

Jumbe hakuutaka. Ndiyo bahati pekee ya zao la maskini: hakuna mkubwa anayelitamani.

Kule Leningrad, mji wa Urusi ambao leo unaitwa St Petersburg, swali langu nusura nilione la kijinga. Mji ulizingirwa na Wajerumani siku 872. Kuanzia tarehe 20 Novemba 1941, kwa zaidi ya mwezi mmoja, mgao wa mtoto ulikuwa gramu 125 za mkate kwa siku, na mkate wenyewe umechanganywa na vitu visivyo unga. Majira ya kuchipua ya 1942 waliosalia wakalima kila palipokuwa na udongo. Kuna picha maarufu ya kabichi zikivunwa kwenye uwanja ulio mbele ya kanisa kuu la Mtakatifu Isaka, mstari kwa mstari, kuba kubwa nyuma. Kwenye uwanja huohuo kuna taasisi ya mbegu ya Vavilov, ambayo watafiti wake kadhaa walikufa kwa njaa ndani ya jengo lenye magunia ya mchele na njugu walizokataa kuzigusa, kwa kuwa zilikuwa mbegu. Wanafunzi walipelekwa kwenye mashamba ya serikali kupalilia na kuvuna, na baadaye watoto zaidi ya 15,000 wa mji ule walipewa medali ya ulinzi wa Leningrad. Walichokivuna kiliingia kwenye mgao wa mji, na mji ulikuwa ni wao. Hapo mtoto alilima kwa ajili ya wote na akala kama wote, yaani kidogo.

Nilidhani nimemaliza. Kisha nikaenda Prague.

Nilikwenda kwa shughuli ya kikazi ya siku tatu, na siku ya mwisho nikaingia sinagogi la Pinkas, ambalo kuta zake zimeandikwa kwa mkono majina ya Wayahudi karibu 80,000 wa Bohemia na Moravia waliouawa na Wanazi. Ghorofani kuna michoro ya watoto wa Terezín, mji wa ngome uliogeuzwa ghetto, yaani mahali pa kuwafungia Wayahudi, kuanzia mwishoni mwa 1941. Aliyewafundisha kuchora, Friedl Dicker-Brandeis, aliificha michoro kama 4,500 ndani ya masanduku mawili kabla hajapelekwa kambi ya mauaji ya Auschwitz, alikouawa Oktoba 1944. Nilisimama mbele ya mchoro mmoja wenye maua na uzio, na kama kawaida yangu nikaanza kutafuta mboga.

Baadaye nikasoma. Terezín kulikuwa na bustani kweli, kwenye mahandaki na juu ya maboma ya ngome. Wavulana na wasichana wa miaka 14 hivi walipangiwa kufanya kazi huko, na walionusurika wamesimulia kuwa ilikuwa kazi iliyotamaniwa, kwa sababu mtu alipata jua na hewa na kuona majani mabichi. Nyanya, matango, spinachi, yote yaliiva vizuri. Yalikuwa ya SS, kikosi cha Wanazi kilichousimamia mji ule. Aliyeyalima, mwenye njaa ya supu ya maji, hakuruhusiwa hata tango moja, na akirudi jioni aliweza kupekuliwa. Wasichana walificha nyanya ndani ya nguo kwa ajili ya mama zao au wadogo zao, na kila nyanya ilikuwa kamari. Wengine waliila papohapo wakiwa wameinama, kana kwamba wanapalilia.

Na tarehe 23 Juni 1944, wajumbe wa Msalaba Mwekundu walipokuja kukagua, mji ulikuwa umepakwa rangi na kupandwa mawaridi.

Niliketi hotelini na aibu fulani. Mimi na kabichi zangu za Muheza! Sifananishi, na naomba asiwepo wa kunifananishia. Mimi nilirudi nyumbani jioni ile nikakuta ugali na dagaa, na mama akanicheka. Lakini swali lile ambalo miaka yote nililiona kinyongo cha kitoto, usiku ule lilinionekania kubwa kuliko mimi. Vitabu na picha za vita vinapenda kutuonyesha mtoto na jembe, shavu lina udongo, anatabasamu. Ni picha ileile, iwe Bethnal Green au pengine. Udongo ni udongo na nyanya ni nyanya. Kinachozitenga bustani hizo kiko nje ya fremu, ni saa kumi na mbili jioni, mezani.

Nilipopata kipande changu nilikata ukanda wa mita mbili nikampa binti yangu wa mwisho, ana miaka tisa. Jirani yetu wa bustani, mzee wa Sylhet, Bangladesh, ambaye analima mchicha mwekundu na mumunye zinazopanda juu ya vitanda vya chuma vilivyotupwa, alimletea mbegu za figili ndani ya kikaratasi. Alimwelekeza kwa Kiingereza chake na mikono yake, yeye akajibu kwa Kiingereza chake, mimi nikanyamaza maana nilitaka kutoa maagizo. Binti akapanda nyingi mno, akakataa kuzipunguza, zikasongamana. Nikauma ulimi. Aliandika jina lake kwenye kijiti cha aiskrimu.

Wiki ya tano tulikwenda Jumamosi asubuhi, na mimi, sioni haya kusema, niliharakisha kufika nikaangalia kama bado zipo. Zilikuwapo. Aliling'oa moja, jekundu, dogo kama shanga kubwa, akalifuta kwa kidole, akaliuma. Uso ukakunjamana wote.

"Mama, linawasha!" Akalitupa kwenye nyasi, akakimbilia bombani.

Nikaliokota. Lilikuwa na alama za meno yake upande mmoja na udongo upande wa pili. Nikalifuta kwenye suruali, nikalimalizia.